Mkono wa Antena

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na mahali pake pa kutazamia televisheni. Baba alikuwa na kiti chenye mikono, Mama upande wa kushoto wa kochi, Kaka upande wa kulia, Dada katikati. Mtoto wa mwisho alikuwa na tofali.

Tofali lenyewe lilikuwa nje, chini ya dirisha la sebuleni, na juu yake ndipo aliposimama akiwa ameshika bomba la antena. Waya wa antena ulikuwa mfupi, kwa hiyo televisheni iliwekwa kwenye kona ya dirisha, ikimpa mgongo mwenye kushika bomba. Baba alikuwa na nia ya kununua waya mrefu. Alikuwa na nia hiyo maisha yake yote, Mungu amrehemu.

Kwa sheria ya Baba, kushika bomba kulikuwa kwa zamu. Alianza Kaka, na picha ikajaa chenga hadi ikawa kama wali uliomwagika. Ikafuata zamu ya Dada, na waigizaji wakawa wawili wawili, kila mmoja na pacha wake aliyemfuata nyuma. Alipopandishwa kitindamimba juu ya tofali, picha ikatulia kama maji ya mtungini. Baba aliinuka kitini, jambo ambalo hakulifanya kwa urahisi.

"Mmeona?" akasema. "Huyu mtoto mawimbi yanamjua! Huyu ana mkono wa antena."

Zamu zikaishia hapo, na mtoto akapata jina. Antena. Majirani wakamwita Antena, binamu zake wakamwita Antena, na leo hii kuna shangazi ambaye ukimtajia jina lake la kweli atakuuliza huyo ni nani.

Asiyejua angedhani mtoto alionewa. La hasha, alikuwa anavimba kichwa. Kaka alikuwa anajua mpira, Dada alikuwa anajua kuimba, yeye alikuwa hajui chochote ila kuona haya mbele ya wageni. Sasa naye alikuwa na kipaji. Kila Alhamisi jioni, wakati wa *Jumba la Mjane*, familia nzima ilimtegemea yeye. "Kulia kidogo! Umepitiliza! Rudi! Hapo hapo, usisogee!" Na yeye asisogee. Mkono ukifa ganzi alipiga kelele, na Dada alimjibu kutoka kwenye kochi, "Badilisha mkono, lakini taratibu!"

Kwa namna hiyo alifuatilia *Jumba la Mjane* kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuona hata sura moja. Aliusikia mchezo wote. Alimjua Mjane kwa kikohozi chake, shemeji mwenye tamaa ya nyumba kwa viatu vyake, na Wakili kwa ile sauti nzito iliyotoka kama inapanda ngazi za chini ya ardhi. Wakili alimpenda. Alimjengea urefu, mabega na kofia. Alipokuwa msichana mkubwa, mchumba mmoja mwenye kazi nzuri na adabu zake alikataliwa kwa sababu ambayo haikuelezwa kwa wazee: sauti yake ilikuwa nyembamba.

Alichokiona yeye ni nyuso. Kwa kuwa televisheni ilimpa mgongo, dirisha lilimwonyesha wale wanaotazama. Aliwaona wakicheka, akacheka; wakishtuka, akashtuka. Na watu wa nyumbani, kwa vile alicheka na kushtuka pamoja nao, wakasahau kabisa kwamba alikuwa haoni. Kila walipokutana ukubwani na kuanza "mnakumbuka", walimgeukia na yeye: "Antena, unakumbuka ile kofia ya shemeji?" Naye alisema, "Ee, ile kofia!"

Shida ilikuwa kipindi cha mwisho. Siku hiyo mvua ilinyesha, na yeye akabaki juu ya tofali. Alimsikia Wakili akisema, "Mama, ukiufungua mlango huo, hutarudi tena." Kisha ukaja muziki. Muziki mtupu, hakuna aliyesema neno, mpaka taarifa ya habari. Dirishani alimwona Mama akilia na Baba akikohoa kikohozi cha mtu aliyebanwa na kitu. Sasa mlango ulifunguliwa au haukufunguliwa? Alitoka nani, aliingia nani? Angeuliza kesho yake asubuhi, mambo yangekwisha. Lakini kuuliza kungekuwa kukiri kwamba hakuona, na kukiri kungewafanya wamwonee huruma, na mwenye kipaji haonewi huruma. Akanyamaza. Wiki ikapita, mwaka ukapita, na kuna maswali yakishachelewa huwezi kuyauliza bila kueleza ulikuwa wapi siku zote.

Antena alisoma, akawa mpiga picha za ultrasaundi hospitalini. Kazi yake ni kuteleza na kile kifaa juu ya tumbo la mtu, kulia kidogo, rudi, hapo hapo, mpaka chenga zitulie na mtoto aonekane. Madaktari humwita picha zikiwagomea. Yeye hucheka kwa haya na kusema ni mazoezi tu, lakini moyoni anajua ni nini. Mawimbi yanamjua.

Kwa hiyo ilipotokea kwamba kituo kile cha televisheni kimetoa tamthilia zake zote za zamani kwenye mtandao, *Jumba la Mjane* likiwemo, Antena aliona kwenye simu yake akiwa kwenye foleni ya chai, na chai akaisahau. Angeweza kuutazama mwisho ule palepale. Kidole kilikuwa juu yake. Hakutaka. Aliusubiri miaka yote akiwa nje; hakuwa tayari kuutazama akiwa kantini. Alitaka kuutazama kwenye lile kochi, amebanwa katikati na watu wake, akitazama upande wanaotazama wao.

Akawaalika nyumbani kwa Mama, Jumapili mchana. Kaka, ambaye siku hizi anauza matairi na anaongea na kila mtu kama anampunguzia bei, alimletea Mama televisheni mpya pana kama mlango. Mama akaamuru iwekwe kwenye kona ya dirisha.

"Mama, hii haina antena," Kaka akasema. "Unaweza kuiweka popote."

"Televisheni inakaa pale," Mama akasema. Ikakaa pale.

Intaneti ilitoka kwenye simu ya Antena, na kwa kuwa kuta za nyumba ile ni nene na mtandao wa simu una maringo, simu iliwekwa kwenye kizingiti cha dirisha, ambako ulipatikana kwa shida. Antena akakaa katikati ya kochi. Dada, ambaye ni mwalimu na amenenepa kidogo, alisogea bila ya kuambiwa. Hakuna aliyeona kwamba lilikuwa jambo kubwa. Antena alikunja mikono mapajani.

"Turukie kipindi cha mwisho," Kaka akasema. "Ule mwisho, eh! Mnaukumbuka ule mwisho?"

"Nani anausahau!" Dada akasema.

"Ee, ule mwisho," Antena akasema.

Picha ikaja. Ukumbi wa Mjane ulikuwa na kuta zilizotikisika mtu akifunga mlango. Mjane mwenyewe alikuwa kijana kuliko Antena. Halafu akaingia bwana mmoja mfupi, ana kipara, vifungo vya shati vinapigana na tumbo, na Antena akadhani ni dereva. Yule bwana akafungua kinywa, na ikatoka ile sauti.

"Huyo ndiye Wakili?" ikamponyoka.

"Kwani ulidhani nani?" Dada akacheka. "Amebadilika?"

"Hapana. Nimesahau tu kwamba... hapana." Alimkumbuka yule mchumba, kazi yake nzuri na adabu zake.

Kaka alikuwa anatazama dirisha. "Jamani, lile tofali bado lipo. Antena na bomba lake! Mnajua nilikuwa nafanyaje ile zamu yangu?" Akasimama, akakunja ngumi kama ameshika kitu, akakitikisa kwa nguvu huku uso ukiwa wa malaika. "Hivi! Nalitikisa makusudi. Baba analalamika, chenga, chenga, na mimi nasema, Baba, nimejitahidi!"

Dada aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Na mimi! Mimi nilikuwa naligusisha kwenye nondo za dirisha!"

"Wewe ndiye ulinifundisha!"

"Mwongo, wewe ndiye ulinifundisha mimi!"

Walicheka wakapigana viganja juu ya kichwa cha Antena. Naye alicheka. Alichelewa kidogo, kama alivyokuwa akichelewa zamani, akingoja nyuso za wenzake zimwambie ni wakati wa kucheka. Alitazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala pajani, mkono wa kawaida wenye kucha fupi za mtu wa hospitali.

"Kwa hiyo haukuwa..." akasema.

"Haukuwa nini, mdogo wangu?"

"Hakuna."

Kwenye televisheni, Mjane aliuendea mlango. Akashika kitasa. Wakili mfupi akasema, "Mama, ukiufungua mlango huo, hutarudi tena." Antena aliinama mbele. Muziki ukaanza, noti mbili, na picha ikaganda. Mjane na mkono wake kitasani, Wakili kinywa wazi.

"Mtandao huo," Mama akasema, utadhani anamtaja mgeni asiyeoga.

Kaka akaisogeza simu kizingitini. Picha ikaruka kidogo, ikaganda tena. Akaitoa nje ya nondo, ikaanza kujitahidi. "Inataka kuwa nje, juu kidogo," akasema. "Mtu asimame pale nje aishike."

Hakuna aliyetaja jina. Waligeuka tu, wote watatu, wakamtazama Antena kwa mapenzi tele, kama watu wanaomkumbusha mtu cheo chake.

Magoti yake yalikuwa yameshaanza kunyanyuka. Miguu ina kumbukumbu zake. Alikuwa nusu yuko kwenye kochi, nusu yuko njiani, ndipo akakaa tena.

"Ni zamu ya Kaka," akasema.

"Zamu gani tena?"

"Zamu yako. Ile uliyoitikisa."

Alisema taratibu, na masikio yakamwaka moto. Kaka akacheka, akatazama huku na huku kutafuta mtu wa kumtetea. Dada aliinua kichwa akatazama dari. Mama akasema, "Nenda, baba, usimcheleweshe mwenzio."

Kaka akatoka na simu. Wakasikia tofali likilalamika chini ya uzito wa biashara ya matairi, kisha kichwa chake kikatokea nyuma ya nondo, mkono juu.

"Vipi? Inaonekana?"

Haikuonekana. Kulia kidogo, haikuonekana. Rudi, haikuonekana. Mjane alishika kitasa chake na Wakili aliachama mdomo wake. Ikawa wazi kwamba Kaka, hata asipotikisa, mkono wake haufai. Antena aliliona hilo, na likampoza kidogo. Aliona pia kwamba angetoka yeye pengine picha ingekuja, na kwamba ingekuja kwa ajili yao.

Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini ili dirisha lisisikie. "Mama. Baada ya hapa ikawaje?"

"Si uliona."

"Sikuona. Sikuwahi kuona kitu, Mama. Nilikuwa nyuma ya televisheni."

Mama alimtazama, akaitazama televisheni, akalitazama dirisha. Ungemwona akipima ile kona kwa macho, miaka yote baadaye. "Uuu," akasema. "Hata mimi sikuona."

"Lakini ulilia!"

"Nililia, ndiyo. Nilikuwa nakutazama wewe. Mvua inakupiga, umeng'ang'ania lile bomba kama mtu aliyepewa bendera ya taifa. Nikamwambia baba yako, mwite mtoto aingie. Akasema, ngoja kidogo, unakaribia kwisha. Halafu akaona haya, akageuka akatazama ukutani, akawa anakohoa."

"Na mimi," Dada akasema polepole, "nilimwona Mama analia, nikajua Mjane amekufa. Nikaficha uso kwenye mto."

Wakatazamana. Nyumba nzima ilikuwa imeutamani ule mwisho, imeusifia kwenye harusi na misibani, na mtu aliyeuona alikuwa mmoja tu. Naye sasa alikuwa nje, juu ya tofali, mkono juu.

"Inaonekana?" Kaka akaita. "Mbona sisikii sauti?"

Dada alifungua mdomo ili amwite aje awaeleze. Antena akamshika goti. Hakuwahi kumshika mtu goti namna ile.

"Hapo hapo, Kaka!" Antena akapaza sauti, na haikutetemeka hata kidogo. "Usisogee! Sauti tumeipunguza, kichwa kinamuuma Mama!"

Mama, ambaye kichwa hakikuwa kinamuuma, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

"Wamefika wapi?"

"Mlangoni!"

"Haya, tazameni sasa! Tazameni huo mwisho!"

Wakatazama. Waliketi wamebanana, bega kwa bega, wakiutazama mlango ambao haufunguki. Antena akasogea katikati zaidi. Kwa sababu uso wake ulikuwa unaonekana dirishani, akashtuka kidogo, akaziba mdomo kwa mkono. Dada akashtuka pia. Mama akachukua ncha ya khanga, akafuta jicho, na haikujulikana kama alikuwa anaigiza.

Kule nje Kaka alizitazama nyuso zao, akatabasamu, akajinyoosha zaidi.

"Jamani," akaita baada ya muda, "mkono umekufa ganzi!"

"Badilisha mkono," Antena akamjibu kutoka kwenye kochi, "lakini taratibu."