Jicho Moja Moja

Tangu nianguke na bodaboda hapa Kampala, kitu kimoja nakiona viwili. Leo asubuhi nimemimina chai nje ya kikombe. Nikaenda duka la miwani, Kansanga. Nasif, mpimaji, alinifunika jicho la kushoto, nikasoma herufi zote. Akafunika la kulia, nikazisoma tena.

"Macho yako mazima, nnyabo, bibie. Labda ni mawazo tu ya kuwa mbali na kwenu Mombasa."

Hasira zikanipanda. "Nani anatembea mjini kafunikwa jicho? Nipime yote mawili kwa pamoja!"

Akacheka, akainua kidole kimoja. "Haya, vingapi?"

"Viwili. Na wewe pia nakuona wawili, na hakuna hata mmoja anayenisikia!"