Siku Mbili Alizoniongezea Adnan

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa Malindi alfajiri ya Jumatatu, tarehe kumi na moja mwezi wa tano, nami niko Takaungu, ndani, kwenye eda. Mume wangu, marehemu Mzee Shee, alitutoka mwezi wa kwanza, na mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Haendi matembezini, hajipambi, hatii manukato. Eda yenyewe sikuiona nzito mpaka simu ilipolia nikaambiwa Hadiya amejifungua mwana wa kiume.

Hadiya ndiye mzaliwa wangu wa kwanza. Alikaa na mumewe Yunus miaka tisa bila mtoto. Miaka tisa sikunyanyuka juu ya msala bila kumwombea. Sasa mtoto amekuja, amepewa jina la babu yake, Shee, na mimi namwona kwenye kioo cha simu, pua na kofia tu, halafu mtandao unakatika.

Yeye kuja kwangu hakuwezekani, maana mzazi naye yumo ndani ya arubaini yake ya uzazi.

"Mama, wewe umefungwa huko, mimi nimefungwa huku," aliniambia Hadiya. "Huyu mtoto atakuona akiwa na ndevu."

Akika, karamu ya kumchinjia mtoto na kumnyoa, wakaipanga siku ya ishirini na moja tangu azaliwe, Jumapili, kwa kuwa kesho yake ni sikukuu ya Madaraka na watu wana nafasi. Salman wangu anashuka kutoka Nairobi, Adnan anatoka Mombasa, jamaa za Yunus wanakuja kutoka Ngomeni na kamba wao wabichi. Tangu tulipomzika baba yao tulikuwa hatujakusanyika, na Jumatatu asubuhi kila mtu angerudi kwake. Eda yangu ilikuwa inakwisha Jumatatu hiyo hiyo, baada ya alasiri. Yaani sahani zishaoshwa, wageni washaondoka, ndipo mimi nifunguliwe.

Siku hiyo ya Jumatatu ilipatikana vipi? Kwenye kalenda. Siku tuliyofiwa akili haikuwa yangu, na Adnan, kitinda mimba wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, alichukua kalenda tuliyopewa na duka la saruji, akahesabu kwa kidole, akazungushia tarehe moja ya mwezi wa sita kwa kalamu nyekundu. Akaandika MAMA. Tangu hapo kila asubuhi baada ya nyiradi nilikuwa nafuta siku moja. Mimi ni mtu wa kuangalia mambo. Chakula kikishika moto kwa jirani mimi najua kabla ya mpishi. Lakini kalenda ile sikuiangalia. Nilikuwa naifuta tu.

Alhamisi, siku ya pili ya Idd ya kuchinja, akaja Mueni kunirudishia bakuli la pilau. Mueni ni Mkamba wa Machakos, muuguzi wa zahanati yetu. Yeye na mumewe Dedan na watoto wao watatu wamepanga nyumba ya pili kutoka kwangu.

"Hodi, Mama Hadiya! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Pilau Dedan ameila peke yake, mimi nimelamba kijiko." Akakaa mkekani. "Lakini Mama, hii Idd yenu inanichanganya. Mwaka jana tulikula pilau yako mwezi wa sita. Mwaka huu ni wa tano. Tukiendelea hivi, si mtagongana na Pasaka?"

Nikacheka, nikamweleza kama nilivyokuwa nawaeleza watoto nilipofundisha chuo cha Kurani. "Mwaka wetu ni mfupi kuliko huo wenu kwa siku kumi au kumi na moja. Sisi twafuata mwandamo. Mwezi wetu una siku ishirini na tisa au thelathini, hauna thelathini na mo..."

Macho yakanikwama kwenye kalenda.

"Mama?" Mueni akanishika mkono, vidole juu ya mshipa. "Ni presha? Kichwa kinauma?"

"Hebu niletee kalenda ile."

Akaniletea. Januari, thelathini na moja. Machi, thelathini na moja. Mei, thelathini na moja. Mwanangu alikuwa amemhesabia mamake eda kwa miezi ya duka la saruji.

Ndani ya mkoba wa msahafu nilikuwa nimeweka karatasi aliyoandika Maalim Zein wa msikiti wetu siku ya hitma ya marehemu: *Shee bin Mohamed, Alhamisi, Shaabani tatu, baada ya alasiri.* Nikahesabu kwa vidole. Shaabani, Ramadhani, mfungo mosi, mfungo pili, hiyo miezi minne, mpaka mfungo tatu, mwezi huu wa Idd. Halafu siku kumi. Mfungo tatu, kumi na tatu. Idd ilikuwa jana, na Idd ni tarehe kumi. Kwa hiyo kumi na tatu ni Jumamosi. Keshokutwa!

Nilihesabu mara tatu, tena kwa sauti. Mueni naye akawa anahesabu na mimi, Mkristo wa watu, "mfungo mosi, mfungo pili," kama yuko chuoni.

Lakini nafsi ikitaka kitu sana, mtu huwa hajiamini, na mambo ya Mungu si ya kukata kwa makisio. Nikampigia Maalim Zein. Nikamweleza. Akasema, "Ngoja." Nilisikia akifungua daftari, akinong'ona majina ya miezi. Moyo ulikuwa unanipiga kama wa mwari.

"Bi Ummulkheir."

"Labeka, Maalim."

"Wewe si ndiye uliyenitumia salamu kwa mke wangu kwamba nimekosea mwandamo wa Rajabu?"

"Ndiye, Maalim."

"Basi leo tumelipana. Eda yako ni Jumamosi, saa ile ile aliyotutoka marehemu. Baada ya hapo oga, vaa, nenda kwa mjukuu wako."

"Na watu wakisema nina haraka?"

"Wanaosema waje kwangu na vidole vyao, tuhesabu pamoja."

Nilipokata simu Mueni alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Jumapili sisi tunaenda Malindi," akasema. "Watoto wanataka kuogelea, tunalala hadi Madaraka. Tunatoka baada ya kanisa. Nafasi ya mtu mmoja iko, kama hutajali kukaa na maboya."

"Hata juu ya maboya nitakaa, mwanangu."

Nilimwapisha asiseme kitu kwa yeyote. Nilitaka kuwaingilia kama mvua.

Jumamosi asubuhi Salman na Adnan wakapita kunisalimu wakielekea Malindi. Gari lilikuwa na mchele, vitunguu, na mbuzi wawili wa akika wakilia nyuma. Nilikuwa nimeoka mikate ya sinia miwili, mmoja nikawapa, mmoja nikauficha uvunguni.

"Mama, uso wako leo una nuru," alisema Salman.

"Ni joto la jikoni," nikajibu.

"Mwambieni mpishi," nikawaambia, "nyama ya akika ikatwe kwenye viungo, mifupa isivunjwe."

"Tumeshamwambia, Mama. Tena mara mbili." Kisha Adnan wangu, maskini, akaenda kwenye kalenda, akagonga ile duara nyekundu kwa kidole. "Vumilia, Mama. Siku mbili tu. Sisi tutakupigia simu ya video, utaona kila kitu. Itakuwa kama uko pale."

Niliuma ncha ya leso. Kama ningefungua mdomo ningecheka mpaka majirani waje.

"Nendeni salama," nikasema. "Mungu akulipe kwa hesabu yako, mwanangu."

"Amin, Mama," akajibu, kwa unyenyekevu kabisa.

Baada ya alasiri niliswali, nikamwombea mume wangu dua ndefu, nikamwambia Mola kwamba nimeikaa eda yake yote na sikuiba hata saa. Kisha nikaoga. Nikatoa chetezo kilichokuwa juu ya kabati tangu mwezi wa kwanza, nikatia kaa la moto na udi, nikafukizia buibui na mtandio. Moshi ulipotoka dirishani nikasikia mwanamke njiani akimwambia mwenziwe, "Kwa Bi Ummulkheir kunafukizwa! Si eda yake ni Jumatatu?" Nikaendelea kufukiza. Nilikuwa na karatasi ya Maalim mkobani.

Jumapili nilikuwa tayari tangu alfajiri. Mueni alisema ibada inakwisha saa nne. Saa nne ikafika. Saa nne na nusu. Nilikaa kibarazani na mkate wangu magotini, mkoba begani, viatu miguuni, nasikia vigelegele vya kanisa vinakuja na upepo. Malindi wangeswali adhuhuri, kisha wanyoe nywele za mtoto, kisha wale. Saa tano kamili bado mchungaji alikuwa kwenye kipaza sauti. Nasema kweli yangu: siku hiyo nilimwombea mchungaji wa watu kwa moyo wote, Mola amfupishie maneno.

Saa tano na robo gari la Dedan likafunga breki mlangoni, Mueni amevaa kofia ya kanisani, watoto nyuma wameshavaa nguo za kuogelea.

"Mama, samahani! Leo kulikuwa na mgeni anahubiri, na alikuwa na ushuhuda!"

"Twende, mwanangu, ushuhuda utanipa njiani."

Nilikaa baina ya boya la bata na jokofu dogo la soda. Tulipopanda daraja la Kilifi magari yalikuwa yamesimama msururu, watu wa bara wameshuka wanapiga picha maji. Dedan akasema, "Hawa wote wamekuja Madaraka." Mtoto wa Mueni akaniuliza, "Nyanya, unajua kuogelea?" Nikamwambia najua, na nikikasirika ninaweza kumwogelesha Dedan huyo mpaka Mnarani kama hatakanyaga mafuta. Gari zima likacheka, na Dedan akakanyaga.

Nyumba ya Hadiya ina ukumbi mrefu mbele na ua nyuma. Tulipofika, viatu vilikuwa vimejaa mlangoni mpaka barabarani, na harufu ya pilau ilikuwa imetoka kutupokea. Mueni na wanawe nikawavuta waingie nami. Wakanifuata wakinyata, na boya lao. Kutoka ndani nilisikia sauti ya Hadiya.

"Ngojeni, ngojeni, wembe usiguse! Nampigia mama kwanza. Adnan, shika simu juu, amwone mtoto."

Halafu, kwenye mkoba wangu, pale pale nyuma ya pazia la mlangoni, simu ikaanza kulia.

"Simu ya nani hiyo?" akauliza mtu. "Izimeni, Mama hatasikia."

"Mama anasikia vizuri sana," nikasema, nikafungua pazia.

Wallahi, hata kama mbuzi mmoja angekuwa hai angenyamaza. Adnan alikuwa amesimama na simu mkononi, anatazama kioo, ananitazama mimi, anatazama kioo. Salman akapiga magoti akicheka bila kujua anacheka nini. Wa kwanza kupata ulimi ni wifi yangu Jaha, dada wa marehemu, ambaye ulimi haujawahi kumpotea.

"Ummulkheir! Eda ya ndugu yangu umeivunja? Huna hata haya ya siku moja?"

"Shikamoo, wifi. Hesabu."

"Nihesabu nini?"

"Ndugu yako alikufa Shaabani tatu. Hii hapa hati ya Maalim. Hesabu, tena kwa sauti, wasikie wote."

Jaha akaanza kwa hasira. "Shaabani. Ramadhani. Mfungo mosi. Mfungo pili..." Akafika mfungo tatu, akarudi nyuma, akaanza tena kwa vidole vya mkono wa pili. Sauti ikawa inashuka. Kisha akageuka polepole, akamtazama Adnan.

"Mtoto wewe. Ulihesabu wapi?"

"Kwenye kalenda, shangazi."

"Kalenda gani?"

"Ya... ya duka la saruji."

Ukumbi ulilipuka. Jaha akamvua kofia akampiga nayo. "Kompyuta nzima! Ungemtia mamako ndani siku mbili zaidi kama mfungwa mkaidi! Na mimi umenitia dhambi ya kumdhania!" Kisha akanikumbatia, akalia kidogo, akaniambia nimsamehe, nikamsamehe hapo hapo, sikuwa na nafasi ya kufanya kingine. Macho yangu yalikuwa kwa Hadiya.

Alikuwa ameketi kwenye godoro pembeni, mtandio kichwani, mtoto mapajani. Hakusimama.

"Mama, ni wewe au ni simu?"

Nikakaa kando yake. Akaweka pua begani kwangu, kwenye buibui.

"Una harufu ya udi," akasema. "Ni wewe."

Akanipa mwanawe. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na joto, na paji la uso lake ni la marehemu, lile lile, na kamkunjo katikati kama mtu anayetafuta miwani. Nikamwadhinia moyoni ingawa babake alishamwadhinia siku ile ya kwanza. Yunus akaja na wembe na bakuli la maji ya waridi, akaniuliza, "Mama, utamshika wewe?"

"Nani mwingine?"

Nywele zikawa zinaanguka kwenye kitambaa, laini kama hariri, na mtoto hakulia, alinitazama tu. Nyuma yangu nilisikia sinia zikiletwa, Salman akimvuta Dedan ndani akae na wanaume, na Jaha akimuuliza Mueni lile boya la bata ni la nini. Adnan alikuja akachuchumaa kando yangu, kofia mkononi.

"Mama, unisamehe. Yale maneno ya jana, Mungu akulipe kwa hesabu yako... ulikuwa unanicheka?"

"Sikucheka," nikamwambia. "Niliuma leso. Haya, nenda ukafungue mkate wangu ule wa sinia, ukate vipande sawa. Lakini aje Mueni akuhesabie watu."