Mpini Uliopigwa Msasa

Uingereza hairuhusu raia kumiliki bastola. Ndiyo maana klabu ya Barking, mashariki mwa London, iliyokuwa ndani ya ghala nyuma ya duka la matairi, ilishindanisha watu kwa bastola za gesi zinazotema vigololi vya plastiki. Uzito wake ni kama wa bastola halisi, sura ni ile ile, na mchezo hauna tofauti: unakimbia, unapinda kona, unapiga vibao, saa inakuhesabia.

Gladness alipelekwa huko na Minal, mfanyakazi mwenzake katika nyumba ya kutunzia wazee Woolwich. Alikuwa na miaka arobaini na nne. Mara ya mwisho kushika silaha ilikuwa JKT, bunduki ndefu, akiwa na miaka kumi na tisa, na siku hiyo afande alimsifu mbele ya kombania nzima. Tangu hapo hakukumbuka kusifiwa hadharani kwa jambo lolote. Jumamosi ya kwanza alipoangusha vibao vitano kwa risasi tano, alijua atarudi.

Baada ya miezi miwili Jeff, kiongozi wa klabu, alimwandikisha rasmi, ili duka limuuzie bastola nyeusi. Asiyeandikishwa huuziwa ya rangi kali kama ya kuchezea watoto.

"Chagua divisheni kwanza," Jeff alimwambia. "Bastola baadaye. Watu hufanya kinyume, halafu wanajuta."

Divisheni zenyewe hazikuwa kama za kidato cha nne, kwamba ya kwanza inaizidi ya tatu. Production ilikuwa ya bastola iliyomo kwenye orodha rasmi ya mchezo, ikiwa vile vile ilivyotoka kiwandani. Standard unaruhusiwa kuirekebisha, mradi usiifunge kioo cha kulengea. Open ni uwanja wa wote: vioo vyenye nukta nyekundu, magazini ndefu za kubeba vigololi vingi, mpini wa kuchongwa, vyovyote upendavyo. Gladness alichagua Production. Alitaka akipiga, ijulikane kwamba amepiga yeye.

Kwenda dukani alisindikizwa na Mbarouk, fundi umeme kutoka Pemba, mwenye miaka sitini na mitatu, aliyekuwa bingwa wa Production pale klabuni kwa miaka mingi. Ndiye mtu pekee pale aliyezungumza naye Kiswahili, na ndiye aliyemfundisha namna ya kusimama na kubadilisha magazini bila kutazama mikono.

Mbarouk hakusita. Aliomba bastola pana, sawa na yake, akamkabidhi Gladness.

"Hii ndiyo. Miaka tisa natumia mfano wa hii, haijanitupa."

Gladness aliishika. Kidole chake kiligusa kifyatulio kwa ncha tu. Ili kifike vizuri ilibidi ausogeze mkono wote pembeni. Muuza duka aliliona hilo, akatoa nyingine yenye mpini mwembamba, nayo imo kwenye orodha. Hiyo ilimkaa mkononi kama ameizoea.

"Hiyo ya mkobani," Mbarouk alisema. "Nyepesi mno. Itakurukia."

Gladness alizitazama zote mbili kwa muda. "Haya, mzee," akasema. "Wewe ndiye unayejua." Akanunua ile pana.

Wiki sita zilizofuata risasi zake zilikwenda kushoto. Mbarouk alimwambia afanye mazoezi zaidi, akafanya, zikaendelea kwenda kushoto. Mumewe Nickson, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la mizigo Hayes lakini kwa asili ni fundi seremala, alimtazama Jumapili moja akijaribu kushika bastola mbele ya kioo cha kabati.

"Mkono wako ndio huo," Nickson alisema. "Hauongezeki. Cha kupungua ni mpini."

Aliuchukua akaupiga msasa pande zote mbili, taratibu, akimpa ajaribu kila baada ya dakika chache, mpaka kidole kikafika. Wakati binti yao Jacqueline anarudi kutoka kanisani, sebule ilikuwa na vumbi la plastiki, na mama yake alikuwa anacheka peke yake. Jumamosi iliyofuata Gladness hakukosa kibao. Hakufikiria kumuuliza Jeff, na kwa kuwa Nickson alikuwa ameulainisha mpini vizuri, hakuna aliyegundua.

Mashindano yalifanyika mwezi Mei, klabu nne pamoja, kila mtu akipitia vituo vitano vya kupiga vibao. Katika kituo cha kwanza Gladness alikuwa wa tatu kati ya watu kumi na wanne. Alilisoma jina lake ubaoni mara mbili. Kabla hajaanza kituo cha pili refa, mwanamke aitwaye Nurjehan, aliomba kuikagua bastola yake. Aliupitisha mpini chini ya kidole gumba, polepole, upande mmoja kisha mwingine.

"Huu umepigwa msasa," alisema.

"Ndiyo. Mkono wangu ni mdogo."

"Nakuelewa. Wangu pia." Nurjehan alimrudishia. "Lakini Production hairuhusu. Ungesema asubuhi ningekuandika Standard. Sasa umeshaanza, na kanuni inasema mtu wa namna hii anahamishiwa Open."

Gladness aliuliza kama matokeo ya kituo cha kwanza yangebaki.

"Yatabaki, ila utapimwa na watu wa Open."

Watu wa Open walikuwa tisa, wote wana vioo vya nukta nyekundu. Gladness alikaa kwenye benchi akijiona kama mtu aliyeshikwa anaibia mtihani. Minal alimwambia waondoke zao. Akakataa. Alipiga vituo vinne vilivyobaki, akaangusha kila kibao, lakini wenye vioo wengi walimzidi mwendo, akawa wa nane kati ya kumi.

Alipotoka nje alimkuta Mbarouk ameketi juu ya tairi kuukuu, mkanda wa bastola umefunguliwa. Bingwa alikuwa amekosa vibao saba. Katika Production alikuwa wa kumi na mbili.

"Nimesikia habari ya mpini," Mbarouk alisema. "Kwa nini hukuniambia kuwa bastola haikutoshi?"

"Ningekuambiaje, mzee? Ulishasema ndiyo yenyewe."

"Kwa hiyo ulinunua kitu usichokitaka kwa kunistahi mimi?"

"Ndiyo."

Mbarouk alisugua macho. "Wallahi, hata mimi sikutenda haki. Nilikupa ninayoijua, sikuutazama mkono wako." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ile alama ya kulengea ya mbele siioni tena. Mwaka wa pili huu. Naona ukungu tu, nakisia."

"Na kioo cha nukta?"

"Hicho cha wavivu."

"Hawa tisa niliopambana nao leo si wavivu," Gladness alisema. "Nimekimbia nao. Mzee, mimi nilichagua divisheni kwa moyo, mkono ukanikatalia. Wewe unang'ang'ania yako na jicho limeshahama."

Hakuwahi kumsemesha hivyo mtu mzima wa rika lile, akaogopa amevuka mpaka. Mbarouk hakukasirika. Aliomba aione ile bastola. Aliugeuza mpini, akausifu msasa, akauliza ni fundi gani.

"Mume wangu."

"Hii haitarudi Production maisha."

"Haitarudi."

"Basi nipe mimi, nikufidie ile nyembamba."

Juma lililofuata walikwenda tena dukani. Safari hii Mbarouk alisimama mlangoni, akamwacha Gladness ashike bastola tano, moja baada ya nyingine, bila kusema neno. Gladness alichukua ile yenye mpini mwembamba, Mbarouk akailipia. Kisha Mbarouk akajinunulia kioo cha nukta, na muuza duka akakifunga juu ya bastola iliyopigwa msasa.

Mwezi Septemba Gladness alikuwa wa tano katika Production. Jeff aliwatangaza watano wa kwanza mmoja mmoja, na ghala zima likampigia makofi. Mbarouk, katika Open, alikuwa wa sita, na hakukosa kibao hata kimoja. Alimwambia Gladness kwamba ile nukta inamchosha, inachezacheza kama inzi, na kwamba Jumanne angekuja mapema kufanya mazoezi.