Ushahidi wa Sisimizi

Tangazo kwa walimwengu wote, kuanzia Kaniama hadi Mulongo, wenye viatu na wasio navyo: mimi, Amédée Kyabu, mwanafunzi wa shule ya bweni ya mapadre hapa Kamina, niliteuliwa kuwa Mpelelezi Mkuu katika Kesi ya Sukari. Aliyeniteua ni mimi mwenyewe, nikiwa chooni.

Kesi ilianza kichwani mwa Padre Urbain, na sisemi hivyo kwa mfano. Asubuhi ya Jumatatu mkuu huyo wa nidhamu, ambaye mbele yake tunamwita Mompe, yaani Baba kwa Kifaransa chetu, na nyuma yake tunamwita mengine, alivaa kofia yake nyeupe ngumu akatoka kutukagua mstarini. Kabla hajafika katikati ya mstari akaanza kujipiga makofi. Sisimizi walikuwa wanamshuka mashavuni na kuingia ndevuni. Alipoivua kofia tukaona vipande vya sukari ndani yake, vimelowa jasho. Hakuna aliyecheka. Kule kutocheka kuliniumiza mbavu hadi jioni.

Muda si mrefu ikajulikana kwamba boksi zima la sukari ya mapadre limetoweka ghalani. Padre Urbain akatangaza kwamba mwizi na mchafuzi wa kofia ni mtu mmoja, na kwamba akipatikana atapandishwa treni ya Jumamosi arudi kwao moja kwa moja.

"Fuateni sisimizi," alisema. "Sisimizi hawajui kusema uongo."

Nami nikawafuata, kwa bidii ambayo ilipaswa kumtia mtu yeyote mashaka.

Walinipeleka nyuma ya bweni, chini ya ukuta wa matofali, kwenye nyasi ambapo Ngoie alizoea kukojoa. Walikuwa wamejazana pale kama abiria stesheni. Nikasimama nimeshika kidevu, juu yangu ndege ya jeshi ikipita kwenda kwenye kambi mpya, na moyo wangu ukajaa furaha. Mpelelezi yeyote hupenda njia inayoelekea mbali naye.

Ngoie ni mtoto wa muuza samaki wa Mulongo. Ni mpole, hana neno na mtu. Mtu wa namna hiyo hutia shaka sana. Na tangu turudi kutoka likizo alikuwa amezidi. Mtungi wa maji wa bweni letu aliumaliza karibu peke yake, kisha akawa anatoka nje, anarudi, anatoka tena. Alikula bukari yake, yaani ugali wetu, na yangu pia nikisinzia, lakini kaptula yake ilisimama kwa msaada wa kamba. Juu ya hayo, pumzi yake ilinuka nanasi lililolala juani.

"Iko na pombe mahali," alininong'oneza Mwanza, jirani yangu wa dawati. "Ile sukari yote anaitia mu pombe."

"Weye uliiona, hiyo pombe?"

"Hapana. Njo maana naogopa. Pombe yenye haionekane, ni ya nani?"

Hoja hiyo ilikuwa nzito. Nikamwendea Ngoie kwenye mtungi.

"Ngoie, unakunywa maji sawa mashine ya treni."

"Niko na kiu, ndugu yangu. Nakunywa, kiu inabakia palepale."

"Na sukari unaifichia wapi?"

Alishusha kikombe, akanitazama bila hasira. "Sukari mi nilionjaka siku ya Pasaka, yenye walitugawia. Weye pia ulikuwako. Ulinikamatia kipande changu."

Nilimwamini. Nilikuwa na sababu zangu za kumwamini, na sikuzitaja kwa mtu. Lakini ushahidi wa sisimizi ulikuwa umeshafika kwa Padre Urbain. Nilimpelekea mwenyewe, kwa mwendo wa askari. Siku ya Alhamisi sanduku la bati la Ngoie lilitolewa bwenini likawekwa barazani, likiwa na kamba tayari: treni hadi Bukama, kisha mashua ya mto hadi Mulongo, na shule iwe imekwisha. Ngoie hakubisha. Aliomba tu asafiri na chupa ya maji.

Nilijiambia kwamba Mulongo si pabaya. Kuna samaki wengi.

Siku hiyohiyo tulikuwa na somo la Frère Edmond, bruda anayetufundisha sayansi. Alichora ubaoni mtu asiye na ngozi, na ndani yake akatia vitu anavyoviita tezi. Moja chini ya ubongo, ndogo kama punje ya haragwe, nayo ndiyo inayoziamuru nyingi kati ya zile nyingine. Moja shingoni, mbele ya koo. Mbili zimekaa juu ya figo kama kofia. Aliposema kofia, nilitazama sakafu.

"Tezi hizi hazina mfereji," alisema. "Maji yake, yaani homoni, yanaingia moja kwa moja ndani ya damu. Damu ni treni. Homoni ni abiria mwenye amri mfukoni. Anapita stesheni zote, lakini anashuka pale tu anapojulikana. Akishuka, wenye stesheni wanatii: kua, amka, tia moyo mbio, weka akiba ya chakula."

Nilimshuku palepale. Vitu visivyoonekana vinavyomwamuru mtu ndani ya damu yake, babu zangu wa Kabongo walivijua zamani, na mapadre wanatukataza hata kuvitaja. Sasa vimepewa jina la Kigiriki na tunaulizwa katika mtihani.

"Na hapa nyuma ya tumbo la chakula," aliendelea, "liko kongosho. Ndani yake kuna vijisehemu vidogo sana, vimetawanyika kama visiwa vya nyasi katika maji ya ziwa Upemba. Vinatoa insulini. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie katika misuli."

"Na mtu asiyekula sukari, Frère?" akauliza Mwanza.

"Unakula bukari? Mahindi na muhogo tumboni vinageuka sukari. Insulini ikikosekana, sukari hiyo inabaki kwenye damu kama mizigo isiyo na wa kuipokea, hadi figo zinaitupa nje pamoja na maji. Basi mtu anakunywa na kukojoa, anakula na kukonda. Pumzi yake inanuka matunda yaliyooza. Mwisho analala, na hakuna wa kumwamsha. Siku hizi insulini inapatikana kwa sindano, lakini lazima afike kwa daktari mapema."

Niligeuka. Ngoie alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati la nyuma, kinywa wazi. Nikaona treni, nikaona mashua, nikaona ule mto mrefu usio na daktari, na mkono wangu ukanyooka juu bila kuniomba ruhusa.

"Frère, mtu anaweza kukojoa sukari bila kula sukari ya boksi?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa faida ya sayansi."

"Kyabu," alisema Frère, "tangu nikufahamu hujawahi kuifaidi sayansi."

"Ni Ngoie, Frère," akasema Mwanza, akitaka naye aonekane. "Sisimizi banakuya kunywa mukojo wake."

Frère Edmond hakucheka. Alimwamsha Ngoie, akamnusa pumzi, akamtuma nje na gilasi. Yaliyorudi kwenye gilasi aliyachanganya na dawa ya buluu ya kupimia sukari katika kibomba cha kioo, akakiweka juu ya taa ya spiriti. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, kisha chote kikawa chekundu kama matofali ya nyumba za reli. Akatuma Padre Urbain aitwe.

Padre alikitazama kile chekundu kwa kuridhika. "Basi. Mwizi amethibitishwa."

"Amethibitishwa kuwa na sukari, Padre. Naomba ufunguo wa gari. Nampeleka hospitali."

"Mtoto amemeza boksi zima, nawe unashangaa kuiona inatoka?"

Frère alisita. "Akimeza boksi zima kwa mara moja, ni kweli, kidogo inaweza kupita hata kwa mtu mwenye afya. Kama aliila, huenda tunaweza kungoja tuone. Kama hakuila, kongosho lake limenyamaza, na kungoja hadi Jumamosi ni kumzika."

"Aliila. Sitoi gari la shule kwa mwizi aliyeshiba."

"Hakuila," nikasema.

Darasa zima likageuka. Padre Urbain pia akageuka, polepole zaidi.

"Unajuaje?"

"Mimi ni mpelelezi, Mompe. Nimepeleleza."

Frère alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake juu ya mshipa. "Toa ulimi."

Nilijaribu. Ulimi ulikuwa umenata juu kama stempu.

"Viganja vimelowa," alisema, "ulimi umekauka, moyo unakwenda kama treni ya mizigo kwenye mteremko. Kyabu, zile tezi mbili juu ya figo zako zimeshatuma abiria wao. Unaogopa kosa la nani?"

Nilikuwa na uongo mzuri, umekamilika, una hadi majina ya mashahidi. Nilifungua kinywa niutoe. Ngoie, aliyeegemea ubao chini ya mtu asiye na ngozi, akanivuta shati.

"Amédée," alisema, "niletee maji kidogo."

Uongo ukanipotea.

"Mompe, minyi Kyabu njo niliiba," nikasema. "Ngoie hakukula hata kipande. Boksi iko ndani ya ngoma kubwa ya bendi ya fanfare, imebakia nusu. Nusu ingine nilikula minyi. Nilijua ule mukojo hauna sukari ya boksi, na niliufuata mbele ya bantu wote, nikakuletea jina lake."

Frère hakungoja sentensi ya mwisho. Padre alimrushia ufunguo, naye akatoka mbio amembeba Ngoie kama mzigo wa kuni, Mwanza nyuma yao na kikombe cha maji. Tulisikia gari likikohoa, likakubali, likashika barabara ya hospitali ya reli.

Padre Urbain alibaki amesimama mbele yangu. Alivua kofia yake, akaigeuza, akaichungulia ndani, kama alivyofanya kila alipoivaa tangu Jumatatu.

"Na hii?" akauliza.

Mpelelezi Mkuu aliye ndani yangu alinishauri nimtaje Mwanza. Nikamfukuza kazi papo hapo.

"Ni minyi tena, Mompe."