Dole Gumba la Simioni

Dokta Telesphory alikuwa ameandika kitabu kinene kuhusu watu weusi wa miji ya Marekani na jinsi mahakama zinavyowameza. Dhahabu ilipowajaza watu Tarime, akaja na kofia yake pana kutafuta mambo yale yale huku. Boke wa Susuni alimdharau tangu siku ya kwanza, pale Dokta alipomuuliza mumewe, Simioni, kama aliyemkamata alikuwa mtu wa rangi nyingine. Digrii tatu, halafu swali kama hilo. Aliyemkamata Simioni alikuwa mtoto wa shangazi yake.

Simioni alikuwa nje kwa dhamana. Mwenye shimo alimshtaki kwa kuiba kiroba cha mawe ya dhahabu, na kiroba chenyewe kilikuwa ujira wake, maana pale vibarua walilipwa kwa mawe. Msimamizi wa shimo, Olima, alimwona akikabidhiwa, na alikuwa tayari kusema hivyo mahakamani. Polisi walimpiga makofi siku mbili aweke dole gumba kwenye maelezo ya kukiri, akakataa. Wenzake walioweka walifungwa wote.

Kilichowashinda polisi, Dokta alikipata kwa soda moja. Alitoa karatasi, akasema ni ridhaa ya kuhojiwa tu, utaratibu wa chuo, haina neno. Simioni akaweka dole. Kisha akaulizwa kama amewahi kuingia shimo la mtu bila ruhusa, akajibu ndiyo, zamani, kama kila mtu. Karatasi ikaingia kwenye begi, na Simioni akakosa raha. Alisema ameshakiri, na akikana mbele ya hakimu ataonekana mwongo na kufungwa mara mbili. Boke alimwambia huo ni upuuzi. Simioni akataka kusikia kwa mwenye karatasi.

Boke akapanda bodaboda mpaka Tarime mjini, akamkuta Dokta hotelini anakula kuku. Alimwomba kitu kimoja tu: amwambie Simioni kwamba karatasi ile haiendi mahakamani. Dokta akafuta midomo, akaeleza polepole, kama anayefundisha chekechea, kwamba mtafiti haingilii anachokichunguza.

"Huyo ni mume wangu, Dokta," Boke akasema. "Si kitu cha kuchunguza."

Siku ya kesi Dokta alikaa benchi la nyuma na daftari lake. Olima alikuwa nje akisubiri kuitwa. Shtaka liliposomwa, Simioni aligeuka, akamtazama Dokta kwa muda, na Dokta akainama akaandika. Simioni akasema ni kweli. Maelezo ya kosa yakasomwa, hakimu akamuuliza tena, akasema yote ni kweli. Akapewa miaka miwili. Olima hakuitwa.

Nje, msomi wetu alimfuata Boke na uso wa msibani. Alisema amesikitika sana, ila ameona jambo kubwa: maskini amekata tamaa na sheria mpaka anakiri asilotenda. Akauliza kama mama anakubaliana naye.

"Amekiri kwa sababu yako," Boke akasema. "Andika hivyo."

Dokta alifikiri kidogo, kalamu mkononi. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba hilo haliingii kwenye utafiti wake.