Hongera za Bure

Vumbi lilitoka puu! mdomoni mwa kaseti ya gemu ya zamani, likacheza kidogo katika mwanga wa dirishani, ule mwanga mwembamba wa baridi mjini Kajaani, kaskazini ya mbali, unaoaga kabla kahawa ya alasiri haijapoa. Tuuli akapuliza tena. Gemu hii ilimlea tangu utotoni: mtu mdogo wa vitone vya rangi, ukingo, shimo. Basi.

"Shemeji, huo si mchezo, ni adhabu," akacheka Jarkko, mdogo wa mumewe, mdomo umejaa mkate wa mdalasini. Mchezo wa kwenye simu yake ulikuwa unamwaga nyota mezani.

Hongera! ikaimba simu. Gusa, hongera. Kosea, hongera. Sinzia, ukiamka, hongera!

Tuuli aliitazama kama nzi kwenye maziwa. Mchezo gani huu usio na shimo? Mchezo gani unaokulamba miguu ili usiondoke, unaomwita mfalme kila mwenye kidole?

Utamu wa shimo yeye aliujua. Unaanguka, gemu inanyamaza. Haikucheki, haikubembelezi. Unaanguka, kidole gumba kinajifunza. Unaanguka, unaanguka, halafu siku moja huanguki, na ng'ambo ile ni yako, hukupewa na mtu.

Lakini kaseti iliporudi mashineni, Enni, bintiye wa miaka mitano, alishika pedi ya kuchezea, akaruka, akaanguka. Akaruka, akaanguka. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Mwonee huruma mtoto!" Jarkko akasema. "Njoo kwa bamdogo, kipenzi."

Pedi ikadondoka zuliani. Enni akaenda, na moyo wa Tuuli ukaenda naye. Mkono ulitaka kumvuta. Ulimi ulitaka kusema, lete, mama nitaruka badala yako. Akaumeza ulimi.

Hongera! ikaimba simu. Hongera! Hongera!

Enni akaondoa kidole. Hongera! Akakunja uso.

"Bamdogo, mbona inanisifu? Sijafanya kitu."

"Inakupenda, mpenzi."

"Hata hainijui!"

Akarudi zuliani, akaichomoa kaseti kama alivyomwona mama yake akifanya.

"Ataanguka tena huyo," Jarkko akasema.

"Ataanguka, ndiyo," Tuuli akasema, akatamani kuimba. "Wewe kula mkate, shemeji. Utapongezwa."

Na kweli, simu ikampongeza.

Enni akajaza mashavu, akapuliza. Vumbi halikutoka, hata chembe. Ilitoka pumzi tu, ya moto, ya kwake mwenyewe, na tone la mate lililong'aa katika mwanga wa mwisho wa dirishani kuliko nyota zote za mezani.