Kapasita Zilizovimba

Baba hakutaka kabisa kuminya ule mpira wa mazoezi aliopewa hospitali. "Mimi si mtoto," alisema, neno moja moja, ndivyo alivyokuwa akizungumza tangu apate kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikubali kitu kimoja tu: ule mchezo wake wa ndege kwenye kompyuta kuukuu. Akishika kijiti cha kuongozea, vidole vinasogea kidogo. Sasa kioo kimejaa mistari, ndege haionekani, na vidole vimeanza kujikunja tena. Kila asubuhi navitazama, roho juu.

Kwenye kompyuta mpya mchezo haukubali. Nimebembeleza, nimetukana, wapi!

Basi nikaichomoa kadi ya picha ya ile kompyuta kuukuu, sehemu inayoleta picha kwenye kioo, nikaiweka mezani mbele ya Baba. Kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba vichwa, moja imetoa ute wa kahawia. "Wachawi wetu ndio hawa," nikasema. Ufundi huu nimefundishwa na yeye mwenyewe, na jina la Kiherehere kanipa yeye, maana kazi ikiwa mkononi mwangu nataka iwe imekwisha jana.

"Ngo... ngoja," akasema.

"Ningoje nini tena, Baba? Huoni vidole vyako?"

Nikayeyusha risasi iliyozishika kapasita, nikazing'oa zote kwa mpigo. Sikuweka alama, sikupiga hata picha. Kapasita ina mguu wa chanya na mguu wa hasi, ukikosea inapasuka. Lakini kila duara kwenye ubao wa kadi, pale kapasita inapokaa, lilikuwa na nusu nyeupe, na nyeupe ni hasi, fundi gani asiyejua hilo? Nikapachika mpya, nikalehemu, nikakata miguu iliyozidi. Mama akapita na ndoo ya maji.

"Haya, bingwa, usituunguzie nyumba tu."

"Mama, niache!"

Nikairudisha kadi mahali pake. Baba alikuwa anatikisa kichwa, mdomo unahangaika, neno limegoma. Nikasema moyoni, huyu naye na wasiwasi wake. Nikapeleka kidole kwenye swichi.

Akanidaka mkono. Akanibana hasa, kucha zikaniingia.

"Geu... za," akasema. "Kiwanda hiki... nyeupe... chanya."

Nikakikunja kidole. Yeye amefungua kadi za kiwanda hicho miaka na miaka. Zote nilikuwa nimezipachika kinyume. Ningewasha, zingepasuka, kadi ingekufa, na mkono wa Baba nao basi tena.

"Ki... herehere," akasema.

Ndoo ikaanguka mlangoni. Maji yakaja mpaka miguuni petu, na Mama wala hakuyatazama.

"We! Huo mkono uliokushika, ni mkono gani huo?"

Nikatazama. Jamani! Ulikuwa ule ule wa kulia, mgonjwa, umenishika kwa vidole vyote.

"Niachie basi, Baba, nizigeuze," nikasema, machozi yananitiririka.

Hakuniachia. Nami nikakaa pale pale kwenye maji, nikangoja.